Mhandisi anayetaka kufanya kazi ng'ambo: aanze wapi?

Kila msimu wa mahafali ukipita, vijana waliohitimu uhandisi hufika katika ofisi za umma, wengine wakiandamana na wazazi wao, wakiwa na swali moja: "Nimemaliza chuo, nataka kwenda kufanya kazi Ujerumani, Canada au Dubai. Nianze wapi?" Wengi wao huwa wameshaanza mahali pasipofaa. Wakala ameshalipwa, au familia imeshaanza kutafuta mnunuzi wa kipande cha shamba, ilhali shahada yenyewe bado haijasajiliwa hata hapa Kenya.

Makala haya yanawalenga wakaazi waliosomea uhandisi katika vyuo vya humu nchini, wale ambao bado wanasoma, na wazazi wanaowalipia karo. Jambo la kuelewa mapema ni kwamba cheti cha shahada peke yake hakitoshi kumvusha mtu mpaka. Nchi nyingi huangalia mambo matatu: kama shahada hiyo inatambuliwa, kama wenzako wa taaluma nyumbani wanakutambua, na ushahidi wa kazi uliyoifanya wewe mwenyewe. Yote matatu hutayarishwa hapa nyumbani, na baadhi yake ni vigumu mno kuyapata ukishaondoka.

Je, kozi yako inatambuliwa?

Uhandisi nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK, chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Bodi hiyo huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya kozi za shahada inazozitambua. Isome orodha hiyo kwa makini, kwa sababu kinachotambuliwa ni kozi, si chuo. Chuo kikuu kimoja kinaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi uliomo kwenye orodha na kozi nyingine ya uhandisi ambayo haimo. Barua ya kuitwa chuoni haikuelezi hilo, na tangazo la chuo huenda lisikueleze pia. Shahada ya uhandisi hapa kwetu huchukua miaka mitano. Mzazi anayekaribia kulipa karo ya miaka hiyo yote ana haki ya kuuliza swali hili kabla ya siku ya kuripoti, na mkuu wa kitivo ana wajibu wa kulijibu.

Aliyehitimu kozi isiyomo kwenye orodha asikate tamaa, lakini pia asikae kimya. Achukue hatua ya kuuliza chuo kimefikia wapi na bodi, aulize kwa maandishi, na ahifadhi majibu.

Kozi yako ikiwa imetambuliwa, hatua ya kwanza ni kujisajili EBK kama mhandisi mhitimu. Baada ya hapo unafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, unakuwa mwanachama wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya, IEK, kisha unapitia tathmini ya bodi ili uwe mhandisi mtaalamu. Vijana wengi huruka hatua hizi kwa kudhani kwamba "usajili wa Kenya hautanisaidia Ulaya." Mara nyingi huwasaidia. Bodi za nje hupenda kuona barua kutoka bodi ya nyumbani inayothibitisha kwamba umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Isitoshe, ile miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi ndiyo hasa uzoefu ambao nchi nyingine zitauuliza.

Usajili huo pia unafungua mlango ulio karibu kuliko yote. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kutambua wahandisi wa kila upande, na Rwanda ikajiunga baadaye. Mhandisi mtaalamu wa Kenya anaweza kuomba usajili katika nchi hizo bila kuanza upya, ingawa kibali cha kuishi na kufanya kazi huombwa kando. Ni ajabu kwamba wengi wanaoota Toronto hawajawahi kuulizia Dodoma au Kigali, ambako mtu hufika kwa basi.

Huenda umesikia pia kuhusu Washington Accord. Huu ni mkataba ulioanza mwaka 1989 kati ya mashirika ya uhandisi ya Marekani, Uingereza, Canada, Australia, Ireland na New Zealand, na baadaye nchi nyingine zikajiunga, ikiwemo Afrika Kusini mwaka 1999. Wanachama kamili hukubali kwamba shahada zilizoidhinishwa na mwenzao zinalingana na zao. Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, mkataba huo unahusu shahada tu. Hautoi leseni wala viza. Pili, mwaka uliohitimu una uzito, kwa kuwa utambuzi hufungamana na tarehe ambayo bodi ya nchi yako ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, Kenya imo?" Iulize EBK, "Je, shahada yangu, ya chuo hiki na ya mwaka huu, inahesabiwa?"

Wenye diploma na wale wa teknolojia ya uhandisi wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa chini ya Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016. Kimataifa wana mikataba yao pia, Sydney Accord ya 2001 na Dublin Accord ya 2002. Fundi mchundo mwenye diploma asijaze fomu akijiita mhandisi kwa kushauriwa na wakala. Fomu hiyo itarudi, na jina lake litakuwa limeingia doa kwenye rekodi za nchi aliyotaka kwenda.

Daftari la kazi

Hapa ndipo waombaji wengi hukwama, na ndipo ambapo kijana asiye na pesa anaweza kujisaidia zaidi.

Chukua mfano wa Australia. Mhandisi ambaye shahada yake haimo katika mikataba ile hutakiwa na shirika la Engineers Australia kuandika ripoti ya kuonyesha uwezo wake. Ndani yake huwa na masimulizi matatu ya kazi, kila moja la maneno kati ya 1,000 na 2,500, yaliyoandikwa na yeye mwenyewe akieleza alichofanya yeye. Wasomaji wa ripoti hiyo hawataki kujua mradi uligharimu mamilioni mangapi. Wanataka kuona ulikumbana na tatizo gani, ulihesabu nini, ulilinganisha njia zipi, na kwa nini ukachagua ile uliyoichagua. Mkoa wa Ontario nchini Canada nao huuliza maswali ya namna hiyo hiyo kabla ya kutoa leseni, na hutaka uzoefu wa miezi 48. Tathmini ya EBK yenyewe haiko mbali na hapo.

Sasa fikiria kijana anayefanya mafunzo ya nyanjani katika idara ya barabara ya kaunti, au kwa kontrakta wa mradi wa maji. Baada ya miaka minne anaketi kuandika, na anachokumbuka ni hiki tu: "Nilishiriki katika ujenzi wa kalavati." Sentensi hiyo haimsaidii.

Angekuwa na daftari, angeandika hivi: kalavati la zamani lilikuwa na bomba moja la milimita 600, na kila masika maji yalipita juu ya barabara. Nilipima eneo ambalo maji yake hukusanyika hapo, nikakadiria kiasi cha maji yanayofika wakati wa mvua kubwa, nikalinganisha bomba mbili za milimita 900 na kalavati la sanduku la zege. Nilipendekeza la sanduku kwa sababu takataka zilikuwa zikiziba mabomba. Mhandisi msimamizi alikubali, ila alibadilisha unene wa sakafu, na sababu yake ilikuwa hii. Kazi ni ile ile na kijana ni yule yule, lakini maelezo haya yanaonyesha mhandisi anayefikiri.

Kwa hivyo nunua daftari la kawaida leo. Andika tarehe, mahali, kazi, hesabu, na jina la mhandisi aliyekusimamia pamoja na nambari yake ya usajili. Mwombe aweke saini kila mwezi, wala usingoje mwisho wa mwaka. Wahandisi walioajiriwa na umma wanaosoma makala haya nao wanaombwa wasione jambo hilo kuwa usumbufu. Saini ya dakika moja inaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya fomu kukubaliwa na kukataliwa. Hifadhi picha za mradi na michoro uliyoichora, mradi mwajiri amekuruhusu.

Kando ya daftari, kila unapoacha kazi dai barua. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ionyeshe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, majukumu, na jina la aliyetia saini. Wakontrakta wadogo hufunga ofisi, huhama, hubadilisha nambari za simu. Nchi za Ghuba hutumia kampuni za uhakiki ambazo huandikia chuo chako na waajiri wako wa zamani moja kwa moja kuuliza kama barua uliyowasilisha ni ya kweli. Asipopatikana wa kujibu, ile miaka yako miwili ya jasho inaweza kuhesabiwa kama haikuwepo.

Kuna watu mitandaoni wanaouza masimulizi yaliyokwisha kuandikwa. Engineers Australia hukagua wizi wa maandishi, na anayenaswa hukataliwa na anaweza kufungiwa kuomba tena kwa muda. Usinunue.

Kila nchi ina mlango wake

Ujerumani ndiyo inayoulizwa sana kwa sasa, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba huo unarahisisha taratibu, lakini hautaji idadi ya nafasi za kazi zilizotengewa Wakenya. Mtu akikuambia ana "nafasi za mkataba wa serikali" za kuuza, mwondokee.

Nchini humo neno "Ingenieur" hulindwa na sheria za majimbo, lakini unaweza kuajiriwa na kampuni kufanya kazi za kihandisi kabla ya kupata ruhusa ya kujiita hivyo. Hatua ya kwanza haina malipo: ingia kwenye hifadhidata yao iitwayo anabin uone kama chuo chako kimepewa alama ya H+, na kama shahada yako imeorodheshwa. Isipokuwepo, ofisi yao ya ZAB hutoa cheti cha ulinganifu kwa takriban euro 200. Baada ya hapo kuna njia mbili kuu. Ukiwa umeshapata kazi yenye mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa, unaweza kuomba Blue Card, na uhandisi umo kati ya taaluma zinazowekewa kiwango cha chini zaidi kwa sababu ya uhaba. Njia ya pili ni Kadi ya Fursa, Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, inayomruhusu mtu kwenda kutafuta kazi akiwa huko huko kwa hadi mwaka mmoja, huku akifanya kibarua cha masaa 20 kwa wiki.

Kadi hiyo inavutia, lakini inadai uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu, zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi utakaokaa. Kwa mwaka mzima hizo ni zaidi ya euro 12,000. Kwa familia nyingi za kaunti yetu fedha hizo maana yake ni ardhi, na kazi yenyewe haina uhakika. Ni bora kijana atafute kazi akiwa nyumbani huku akijifunza Kijerumani. Blue Card haidai lugha kisheria. Lakini mwajiri mwenye kiwanda katika mji mdogo hataki mhandisi asiyeweza kuongea na mafundi wake.

Njia nyingine ni kusoma shahada ya uzamili. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg ambako wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache kwingineko. Anayehitimu huko hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Ni safari ndefu, ila shahada anayoomba nayo kazi inakuwa ni ya Ujerumani yenyewe, na waajiri wanaijua.

Canada ina taratibu mbili ambazo watu huzichanganya. Kuhamia ni jambo la serikali kuu. Leseni ya uhandisi ni jambo la mkoa. Unaweza kukubaliwa kuhamia kisha ukafika na usiruhusiwe kujiita mhandisi mpaka upate leseni. Kule Ontario, hadi Mei 2023 sharti lilikuwa kwamba mwaka mmoja wa uzoefu wako uwe wa Canada kwenyewe. Sharti hilo limeondolewa, jambo ambalo ni afueni kubwa kwa wanaotoka kwetu, ingawa bado huenda ukatakiwa kufanya mitihani ya kiufundi pamoja na ule wa maadili na sheria za taaluma. Hadi upate leseni, unaweza kufanya kazi chini ya aliye nayo, kwa cheo kisichotumia neno hilo.

Katika nchi za Ghuba, angalia kwanza taaluma iliyoandikwa kwenye viza. Saudia, kwa mfano, huwataka wahandisi wa kigeni wasajiliwe na Baraza la Wahandisi la nchi hiyo, na cheo kilichoandikwa kwenye hati zako za ukaazi ndicho kinachotazamwa. Aliyeingia kwa viza ya kibarua kwa ahadi kwamba "tutabadilisha ukifika" amejiweka mikononi mwa mwajiri.

Uingereza hailindi neno "engineer". Inalinda cheo cha Chartered Engineer, na kupata mwajiri wa kukudhamini viza ndilo jambo gumu zaidi. Marekani hutoa leseni kwa kila jimbo baada ya mitihani miwili, na viza nyingi za wahandisi huamuliwa kwa bahati nasibu ya nafasi 85,000 kwa mwaka duniani kote. Usiifanye kuwa mpango wako wa pekee.

Majina na mikopo

Hapa Pwani tuna tatizo letu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE kinasema Mohammed, kitambulisho kina jina la babu, na shahada haina. Kwetu sote ni mtu mmoja. Kwa afisa wa ubalozi hao ni watu watatu. Panga vyeti vyako mezani leo na uvilinganishe herufi kwa herufi. Tofauti ndogo inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadilisha jina kabisa huhitaji hati maalum inayosajiliwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hilo huchukua muda. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu jina la pasipoti ndilo litakalotumika kokote uendako. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500.

Kama cheti chako cha KCSE kingali kimezuiliwa na shule kwa sababu ya deni la karo, fahamu kwamba Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 hairuhusu shule kufanya hivyo.

Chukua transkripti zako zote pamoja na maelezo ya kila somo ulilosoma, yaani silabasi iliyogongwa muhuri wa chuo. Mashirika ya nje hutaka kujua ndani ya "Hisabati ya Uhandisi II" kulikuwa na nini, na mengine hutaka karatasi hizo zitumwe na chuo chenyewe. Kufuatilia msajili wa chuo ukiwa Nakuru au Mombasa ni kazi; ukiwa Edmonton ni kazi mara kumi. Cheti cha polisi cha maadili mema, kinachoombwa kupitia eCitizen kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole, kiache mpaka karibu na mwisho, kwani nchi nyingi hukitaka kikiwa kipya.

Na HELB je? Mkopo huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kutolipa huvuta faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kuishi nje hakufuti deni, na mara nyingi anayesumbuliwa kwa simu ni mzazi aliyebaki. Fanya mpango wa malipo kabla ya kuondoka, hata kama ni wa kiasi kidogo.

Wakala na mkataba

Si kila wakala ni tapeli. Wakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na jina lake huonekana kwenye orodha ya mamlaka hiyo. Angalia pia tarehe ya kumalizika kwa usajili huo. Lipa tu kwa njia inayoacha risiti, na usimwachie mtu yeyote vyeti vyako halisi, mpe nakala. Mwajiri wa kweli anayetafuta mhandisi atakuhoji kuhusu uhandisi. Ukipewa "kazi" bila mtu yeyote kukuuliza swali hata moja la kitaaluma, kuna jambo.

Wakaazi wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya imewawekea kinga ambayo karibu haitumiki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi utiwe saini na pande zote mbili na uthibitishwe na afisa wa leba. Kabla ya kuuthibitisha, afisa huyo anapaswa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari yako na hukudanganywa wala kulazimishwa. Peleka mkataba katika ofisi ya leba kabla ya kununua tiketi. Msome pamoja mshahara na sarafu yake, masaa ya kazi, nani analipa nyumba na matibabu, nani atakurejesha nyumbani kazi ikiisha, na cheo kilichoandikwa. Kama umeahidiwa kazi ya mhandisi wa umeme na mkataba unasema fundi msaidizi, mahali pa kuligundua hilo ni hapo ofisini, ungali na nauli ya matatu ya kurudi nyumbani.